Ni Amri au ni Shauri?



Barua tuliyoipokea kabla ya mvua za vuli ilikuwa fupi kuliko barua nyingi zinazotufikia, wala haikuwa na lalamiko hata moja. Aliyeiandika ni mama wa watoto wawili, mzaliwa wa Mombasa. Ndoa yake ya miaka 14 ilivunjika, akakaa eda mpaka ikamalizika, kisha akapanda basi na wanawe kwenda Machakos kwa mjomba wake, kwani marehemu mamake alikuwa Mkamba. Ametupa idhini ya kuyaandika haya kwa sharti kwamba jina lake lisitajwe na mambo mawili matatu ya kumtambulisha yabadilishwe. Swali lake lilikuwa moja tu. Kila mtu anamuuliza anataka nini sasa, naye hana jawabu. Je, mtu hujuaje anachokitaka?

Tunakiri kwamba jawabu letu la kwanza lilikuwa la haraka. Tulimwandikia aswali istikhara na avute subira, na mambo yatafunguka. Baada ya majuma mawili alitujibu, kwa adabu lakini kwa maneno yaliyotuchoma. Ameswali, akasema, na hakuota ndoto yoyote. Tena kila anapofika mahali pa kuitaja haja yake ndani ya dua hunyamaza, kwa kuwa hajui ataje nini.

Alikuwa na haki. Hadithi ya istikhara iliyopokewa na Jabir bin Abdillah (r.a.), ambayo Imamu Bukhari ameiweka katika Sahihi yake, inamzungumzia mtu ambaye amekwisha kulikusudia jambo. Huyo huswali rakaa mbili zisizo za faradhi, akaomba, na ndani ya dua akaitaja haja yake: safari fulani, ndoa fulani, biashara fulani. Kisha humwachia Mola wake amfanyie wepesi ikiwa jambo lina kheri naye, au amwepushe nalo ikiwa ni shari. Hakuna humo sharti la ndoto, ingawa wengi wetu tumelelewa tukiambiwa tulale tungoje kuota. Kwa hiyo tulikuwa tumempa dada huyu dawa ya hatua ya pili, ilhali yeye alikuwa bado hajaivuka ya kwanza.

Mwezi wa Novemba tulikuwa na safari ya Nairobi. Tukashuka njiani, pale Kyumvi, kwenye makutano ya barabara kuu ya Mombasa, tukachukua matatu ya kupanda Machakos. Vuli ndizo mvua ambazo Wakamba huzitegemea zaidi, na mwaka huo zilikuwa zimeanza vyema. Vilima vyote vilikuwa vimekatwa matuta kama ngazi, na katika matuta hayo mlikuwa na mahindi, kunde na mbaazi zilizoanza kuinuka. Mbaazi za Ukambani ndizo hizi tunazozipika kwa nazi tukazila asubuhi na mahamri, na ni wachache miongoni mwetu waliowahi kujiuliza ni mikono ya nani iliyozipanda.

Mjomba wa dada yetu ni Mkristo, mtu mzima asiye na maneno mengi. Mpwa wake alipofika, alikwenda mwenyewe hadi msikitini mjini kuuliza kibla kiko upande gani, akarudi akamwonyesha: huko, kaskazini. Akamtengea sufuria zake na kisu chake. Haya tunayaandika kwa sababu tunajua nyumba za ndugu Waislamu ambamo mwanamke aliyeachwa hapokewi hivi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mjomba alilitoa jembe siku ya nne, na akaomba radhi kwa kuchelewa.

Basi tukakaa na dada yetu chini ya mwembe, akatueleza ni akina nani wanaomuuliza anataka nini. Kaka yake wa Mombasa amempatia mchumba, mfanyabiashara aliyefiwa na mkewe, mtu wa swala na mwenye sifa njema. Shoga yake, aliye Ghuba, amemwunganisha na wakala wa kazi za nyumbani, na wakala anataka pasipoti kabla ya mwisho wa mwezi. Shangazi yake anasema mikono yake ina baraka ya mahamri, afungue kibanda. Mjomba amempimia kipande cha shamba kwenye mteremko. Na binti yake mkubwa, mwenye miaka 12, anataka kurudi Mombasa kwa wenzake wa shule.

Sauti tano, na zote ni za watu wanaompenda. Mtu anayekutakia shari ni rahisi kumkatalia, lakini utamkatalia vipi kaka aliyekutumia nauli? Dada yetu alitueleza hali yake kwa maneno tunayodhani wasomaji wetu wengi watayatambua. Kaka akipiga simu, alisema, naona nataka kuolewa. Shoga akipiga simu, naona nataka kusafiri. Simu zikinyamaza sioni kitu.

Jioni mjomba alitutembeza shambani, na tulipomuuliza habari za yale matuta alisimama, akaegemea jembe, akawa msemaji. Mengine tumeyathibitisha baadaye katika vitabu.

Katika miaka ya 1930 ardhi ya Machakos ilikuwa imeliwa na maji ya mvua kiasi kwamba maofisa wa serikali ya kikoloni waliiandikia ripoti za kuogofya. Malisho mengi yalikuwa yamechukuliwa na walowezi, watu na mifugo wakabanwa mahali pamoja, ukame nao ukaja juu yake. Dawa ya serikali ilikuwa amri. Ng'ombe wapunguzwe kwa nguvu, na watu wachimbe mitaro ya kuzuia udongo kwa kazi ya lazima. Mwaka 1938, ng'ombe walipokamatwa na kupigwa mnada, umati wa Wakamba, wanaume, wanawake na watoto, ulikwenda hadi Nairobi ukapiga kambi huko kwa majuma kadhaa ukitaka kumwona Gavana. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa akahamishiwa Lamu. Ndiyo, Lamu yetu hii. Wengi wetu tumeipita barabara yenye jina lake katikati ya Nairobi bila kujua kwamba mwenyewe alipata kufungiwa pwani. Hata hivyo, serikali ililazimika kuacha kuuza ng'ombe wa watu kwa nguvu.

Lakini sehemu iliyotufunza zaidi ni ile ya mitaro. Aina iliyolazimishwa ilikuwa nyembamba, ambayo udongo wake hutupwa upande wa chini wa mteremko. Huchimbwa upesi, na watu waliichukia. Miaka ikapita, na wakulima wenyewe wakaigeukia aina nyingine iliyo ngumu zaidi, ambayo mchimbaji huurusha udongo upande wa juu, dhidi ya mlima, ukajenga kingo, na kwa miaka kadhaa shamba likajisawazisha lenyewe. Jina lake hata leo ni la Kiswahili, fanya juu. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na vikundi vya kusaidiana viitwavyo mwethya, ambavyo wanachama wake wengi walikuwa wanawake, leo katika shamba la huyu, kesho la yule. Mwaka 1994 watafiti watatu, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, walichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba wilaya iliyokuwa na watu wapatao 240,000 mwanzoni mwa miaka ya 1930 ilikuwa imekaribia watu 1,400,000 ilipofika 1990, na badala ya kumalizika, ardhi yake ilikuwa imepona.

Mjomba hakuyajua hayo ya kitabu. Yeye alisema tu kwamba babake alichimba mtaro wa serikali kwa fimbo, akauacha ubomoke, na mamake akachimba fanya juu kwa hiari, nao ndio huo tuliokuwa tumesimama juu yake.

Tuliporejea nyumbani kuswali Magharibi, kisa cha Barira (r.a.) kilitujia akilini, na baada ya swala tulimsimulia dada yetu. Barira alikuwa mtumwa, na Bibi Aisha (r.a.) akamwacha huru. Mumewe, Mughith, alibaki mtumwa, na kwa kuwa sasa mke alikuwa huru, sheria ilimpa hiari ya kubaki katika ndoa ile au kutoka. Barira alichagua kutoka. Mughith alimpenda mno. Ibn Abbas (r.a.) amesimulia kwamba alikuwa akimfuata nyuma katika njia za Madina huku machozi yakimtiririka hadi ndevuni, mpaka Mtume (s.a.w.) akastaajabu mapenzi ya huyu na machukio ya yule. Mtume mwenyewe akamwomba Barira amrudie.

Hebu fikirini uzito wa ombi hilo, na limetoka kwa nani. Barira hakukubali papo hapo wala hakukataa papo hapo. Aliuliza kwanza kama Mtume anamwamrisha. Akajibiwa kwamba hapana, anamwombea tu. Ndipo aliposema kwamba hana haja na Mughith. Na hatukusoma popote kwamba alilaumiwa.

Mwanamke huyu alitoka katika utumwa, yaani katika maisha ambayo kila neno aliloambiwa lilikuwa amri. Ilimpasa ajifunze kutofautisha. Dada yetu naye, pasi na kuwa mtumwa wa mtu, alikuwa ameishi miaka 14 katika nyumba ambayo ombi la mama mkwe na amri ya mama mkwe vilisemwa kwa sauti moja. Alipotoka humo, sikio lake lilikuwa limezoea. Kila anayesema "fanya", yeye husikia "lazima".

Watoto walipolala tulichukua daftari la shule lililobaki kurasa. Tukaziandika zile sauti moja moja, na mbele ya kila moja tukajiuliza: hii ni amri, au ni shauri? Na ikiwa ni amri, imetoka kwa nani? Kwa Allah, kwa sheria, kwa deni, kwa ahadi aliyoitoa mwenyewe?

Mchumba ni shauri. Hilo lilikuwa jepesi kwetu, lakini si kwake, kwa kuwa kaka ndiye walii wake. Tukamkumbusha kwamba mwanamke aliyekwisha kuolewa haozwi mpaka atoe idhini kwa kauli yake, na kaka anayaelewa hayo kama sisi. Tulipomwuliza amemwuliza nini yule bwana, alisema hajamwuliza lolote, hata kama atawapokea watoto, kwa sababu aliona haya. Ummu Salama (r.a.), alipoposwa na Mtume (s.a.w.) baada ya eda ya Abu Salama, aliyasema waziwazi yaliyomo moyoni mwake: ana wivu, umri umekwenda, na ana watoto. Akajibiwa kwa kila moja. Kama yeye aliweza kusema mbele ya mposaji wa daraja ile, haya zetu tumezitoa wapi?

Na hapa turuhusuni neno la pembeni. Kaka alianza habari za mchumba mwezi wa pili wa eda. Wasomaji, eda ya aliyeachwa na eda ya mfiwa, ile ya miezi minne na siku kumi, zina hukumu zake, na posa ya wazi ndani yake haifai. Aliyeachwa talaka rejea hukaa katika nyumba ile ile ya ndoa. Surat Talaq imekataza atolewe na imekataza atoke. Tunawaona wangapi wanaopakiwa mizigo siku hiyo hiyo? Dada yetu alikaa, kwa taabu, na anasema miezi ile ndiyo pekee ambayo kichwa chake kilipata kutulia kidogo, kabla simu hazijaanza.

Turudi kwenye daftari. Kibanda cha mahamri ni shauri. Tulipolisoma hili alicheka, kisha akasema, bila kutarajiwa na yeyote, hata na yeye mwenyewe: "Sitaki kuuona unga tena." Amekanda kwa ajili ya nyumba ya watu tisa kila alfajiri kwa miaka 14. Lilikuwa neno lake la kwanza usiku ule lililoanza na "sitaki", nasi tuliliandika kwa herufi kubwa. Binti zetu tunawafundisha kwamba "sitaki" ni utovu wa adabu, kisha wanapofika miaka 36 tunashangaa hawajui wanachokitaka.

Safari ya Ghuba ndiyo iliyotuchukua muda mrefu, na siku za wakala zilikuwa zikihesabika. Hatutaki kueleweka vibaya. Tunawajua akina mama waliokwenda wakarudi na nyumba, na tunawajua waliorudi na makovu. Lakini tulipomwuliza kwa nini aende, alisema: karo. Wala hakutaja kingine. Tukamwuliza karo ya watoto ni wajibu wa nani. Akanyamaza. Nafaka ya watoto iko juu ya baba yao, na talaka haiiondoi. Yeye hakuwahi kuidai, kwa kuona haya na kwa kuchelea maneno. Mahari yake iliyoahirishwa nayo haijalipwa, na hiyo ni deni kama deni lolote. Mahakama ya Kadhi, ambayo Katiba ya 2010 imeipa mamlaka juu ya ndoa, talaka na mirathi za Waislamu walioikubali, husikiliza madai kama haya, na Sheria ya Watoto ya 2022 nayo imewabebesha wazazi wote wawili jukumu la malezi. Kwa hiyo amri ilikuwapo katika jambo hili, ila haikuwa juu yake. Alikuwa karibu kuwaacha wanawe miaka miwili ili kutimiza faradhi ya mtu mwingine. Alilia kidogo hapo, nasi hatukumharakisha.

Shamba ni shauri, na ni la ukarimu. Matakwa ya binti si amri pia, lakini mtoto ni amana, na amana husikilizwa. Hilo tuliliacha na alama ya kuuliza.

Baada ya hapo ukurasa ulibaki mtupu. Tulikuwa tumeondoa kila kitu na hakuna kilichosalia, na tunakiri kwamba tuliingiwa na hofu kwamba tumemnyang'anya hata yale aliyokuwa nayo. Tulikaa. Mvua ilikuwa inapiga mabati. Ili kuvunja kimya tukamwuliza lile daftari jingine, lenye jalada la buluu, ni la nini.

Likawa ni la hesabu za kikundi cha mjomba, watu kumi na mmoja wanaouza maembe na mbaazi zao pamoja. Mwezi wa kwanza wa kukaa kwake aliwasikia wakilalamika kwamba dalali anawapunja, akaomba aone risiti. Akagundua uzani unaoandikwa shambani haulingani na unaolipiwa. Tangu siku hiyo yeye ndiye mwandishi wao. Alituonyesha kurasa, safu kwa safu, na sauti yake ikabadilika. Akasahau kwamba chai inapoa. Usiku mwingine, alisema, hukaa nalo mpaka saa sita. Tukamwuliza kwa nini hili hakulitaja katika yale anayoyataka. Akatutazama kwa mshangao wa kweli. "Hakuna mtu aliyenishauri," akasema.

Na lingine lilitoka papo hapo, kana kwamba lilikuwa nyuma ya mlango: anataka chumba ambacho ufunguo wake uko mkononi mwake. Si nyumba, wala si kwa sababu mjomba amemchosha. Chumba tu.

Tuliondoka asubuhi yake na mfuko wa mbaazi.

Majuma sita baadaye alituandikia. Pasipoti hakuipeleka kwa wakala. Amefungua madai ya nafaka na mahari, na tarehe ya kusikilizwa amepewa. Yatakavyokwisha, Allah ndiye ajuaye. Kikundi kimekubali kumlipa kidogo kila msimu, kiasi ambacho hakitoshi, na anauliza habari za masomo ya uhasibu ya mitihani ya KASNEB. Chumba amekipata mjini, si mbali na msikiti, na mjomba alimbebea kitanda kwa mkokoteni. Kaka alipopiga simu kuhusu yule mchumba, alimwuliza kwa heshima: "Kaka, ni amri au ni shauri?" Kaka alikaa kimya, kisha akasema ni shauri. "Basi ahsante, kaka. Nipe muda," akamjibu, na hakukata simu, wakaongea habari za watoto.

Usiku wa kuamkia siku aliyolipa kodi ya chumba aliswali istikhara tena, na safari hii alipofika mahali pa kuitaja haja yake, aliitaja. Binti yake mkubwa bado anataka kurudi Mombasa. Wamekubaliana kulizungumza tena shule zitakapofungwa.